Trei ya Mashujaa

Februari 2

Shemeji,

Nimepiga simu yako mpaka yule dada anayesema mteja hapatikani nimemzoea kama jirani. Sasa naandika. Usiucheke mwandiko wangu, mimi ni mtu wa kuchonga meno ya bandia, kalamu naishika siku ya kusaini mshahara tu.

Mama hajambo. Ananituma nikuulize kama unakula. Nimeshamjibu kwamba unakula, kwa hiyo usiniumbue, ule.

Nina ombi moja, na nimelizungusha mdomoni tangu Desemba. Kwenye kona ya kaka, juu ya rafu iliyo kando ya meza yake ya rangi, kuna wale mashujaa sita wa mchezo wetu wa ubao. Kila mmoja hazidi kidole gumba. Kuna Mlinzi wa Lango mwenye ngao, Mpiga Mishale, Mama Shoka, Tabibu, Mchawi na Mwizi. Watano kaka alishawamaliza. Mwizi peke yake bado, kwa sababu kaka alimpulizia ile rangi ya kwanza ya kijivu siku ya mvua, ikatoka malengelenge. Wiki ile ya mwisho aliniambia kwamba Jumamosi atamvua rangi yote aanze upya. Jumamosi hakuiona.

Chini ya meza kuna dumu la dawa ya kutolea rangi. Nakuomba umtie Mwizi kwenye bakuli, ummwagie dawa mpaka azame, umwache hadi kesho yake, kisha umsugue kwa mswaki wa zamani. Vaa glavu. Halafu nitumie wote sita. Mwizi nitampaka mimi, kisha nitauweka ubao mezani kwa Mama na kuumalizia mchezo, hata kama nitacheza pande zote mbili. Tumekwama mlango wa tatu tangu miaka kumi na moja iliyopita, kwa sababu kaka aligoma kuendelea kabla wote hawajapakwa. Alisema hawezi kuingia vitani na watu waliovaa vumbi.

Sikuombi vitu vyake vingine, shemeji. Hao tu. Ndiyo kazi pekee ya mikono yake iliyobaki. Barabara alizozitoboa zimeshazibwa.

Shemeji yako,
Fundi Meno


Februari 11

(Haikutumwa.)

Shemeji,

Nimewaloweka wote.

Nataka nikueleze ilivyokuwa, maana haikuwa hasira wala sikuwa nimechanganyikiwa. Unajua kazi yangu ni kusafisha vifaa vya upasuaji. Trei inarudi na mikasi kumi na minne na koleo sita. Hata kama daktari ametumia mkasi mmoja tu, hatusafishi mmoja. Seti ikishafunguliwa, yote inaingia kwenye dawa. Msimamizi wetu ametufundisha hivyo na mimi nimewafundisha wengine kwa miaka kumi na sita.

Nilirudi kutoka zamu ya asubuhi, nikavaa glavu, nikawashusha mashujaa rafuni nikawapanga kwenye trei ya keki. Nikahesabu: sita. Nikamwaga dawa. Nikaandika saa kwenye karatasi na kuibandika pembeni, kama kazini. Kisha nikaenda kulala.

Leo nimewasugua. Maji yalikuwa na rangi nyingi, nikayamwaga kwenye sinki na kufungulia bomba. Nilipowaweka kwenye taulo ndipo nilipoona kwamba wote ni wa kijivu, sina hata namna ya kumjua yupi ni Mwizi bila kuangalia kofia.

Nilisimama pale nikisubiri kulia. Sikulia. Nikakunja taulo.


Februari 12

Shemeji,

Barua imefika. Ninakula.

Nimeloweka na kusugua kama ulivyosema. Anakauka. Nitakutumia wote nikipata kasha zuri, usiwe na haraka.

Joho la Mchawi, ile rangi yake inaitwaje?

Mimi,
mke wa ndugu yako


Februari 24

Shemeji,

Umenifurahisha hata nikamsomea Mama barua yako yote, mistari minne. Hujawahi kuuliza habari za hawa watu. Kaka alikuwa akisema, mke wangu akipita hapa na beseni la nguo haoni jeshi wala vita, anaona vumbi.

Joho la Mchawi ni zambarau iliyotiwa bluu kidogo, na pindo lake ni la njano iliyopauka. Ana ndevu nyeupe, lakini kaka hakuanza na nyeupe. Alipaka kijivu kwanza, kisha nyeupe kwenye vilele tu. Ndiyo siri yenyewe: rangi nzito kwenye mikunjo, nyepesi palipoinuka. Rangi unaitia maji mpaka iteleze kama maziwa. Ukipaka nzito kama uji unamfukia mtu uso wake.

Nakutumia brashi mbili za kazini kwangu, tunazotumia kupaka ufizi wa meno ya bandia. Ile nyembamba ni ya vitu vidogo kabisa. Na lenzi ya kuvaa kichwani, ya zamani. Ukitaka kumjaribu Mwizi wewe mwenyewe, mjaribu, mradi usilambe brashi kama kaka. Alikuwa akirudi kwetu kusalimia na ulimi wa kijani, Mama anadhani ni ugonjwa.

Umeanza kupata usingizi? Unalia kidogo? Mama anauliza. Mimi nauliza pia.

Fundi Meno


Machi 15

Shemeji,

Asante kwa brashi na lenzi. Meza nimeisogeza dirishani kwa sababu pale konani haionekani kitu. Sijui alikuwa anaonaje.

Usingizi ninao, nalala hata nikiwa nimekaa. Kulia hapana. Kazini wananipa pole, nami nasema asante, wanaondoka. Msimamizi aliniuliza nahitaji nini, nikamwambia glavu za ukubwa wa kati zimekwisha. Alinitazama sana. Nina ganzi, shemeji, nadhani ndilo neno lake. Naona kila kitu, nasikia kila kitu, hakinifikii.

Niambie pia hawa: mkanda wa Mama Shoka, ngao ya Mlinzi ina alama gani, na viatu vya Tabibu. Nataka kujua tu.

Mke wa ndugu yako


Machi 29

Shemeji,

Ganzi naijua, ndiyo biashara ya jengo zima hapa. Daktari akimchoma mtu sindano ya jino anamwambia asile mpaka ganzi iishe. Kuna wanaobisha. Wanakwenda kula na kujitafuna ulimi wakidhani ni nyama, na hawajui mpaka jioni. Kwa hiyo na wewe jiangalie. Usiamue jambo kubwa sasa. Usiuze nyumba, usikate nywele.

Mkanda wa Mama Shoka ni kahawia, na bizimu lake ni la shaba. Ngao ya Mlinzi ni nyekundu, ina ufunguo mweupe katikati. Ufunguo wenyewe umepinda kidogo upande wa chini, mkono ulimponyoka akauacha. Viatu vya Tabibu ni vyeusi tu. Lakini unaniuliza ya nini wakati wako mbele yako? Au unanipima kama nawakumbuka? Nawakumbuka wote. Ningekuwa na picha ningekutumia, ila kaka alikataa wapigwe picha kabla hawajatimia sita.

Mama ameanza kuuliza watafika lini. Amepangusa kabati la vyombo na kuondoa vikombe rafu ya juu. Huyu ni mama ambaye hajawahi kuniondolea mimi kikombe.

Fundi Meno


Mei 9

Shemeji,

Nimekutumia kasha leo. Wamo sita. Kila mmoja nimemfunga kwa pamba na karatasi ya kazini, ile ya kufungia vifaa, kwa hiyo usishangae ukiona utepe wenye mistari. Hawatasuguana njiani.

Mwizi nimempaka mimi, usinikemee. Wale watano wako vile vile alivyowaacha. Ufunguo umepinda kama ulivyosema.

Nimewatazama kwa lenzi kabla ya kuwafunga. Ndugu yako alijitahidi sana kwenye macho. Nadhani ndiyo yaliyomchukua muda.

Msalimie Mama. Mwambie nakula.

Mke wa ndugu yako


Juni 3

Shemeji,

Kasha lilifika Mei 17. Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Wiki mbili za kwanza nilikuwa na hasira, na sikutaka kukuandikia nikiwa nayo. Niliwaweka mashujaa kwenye droo yangu kazini, pamoja na mifano ya plasta ya midomo ya watu. Mama nimemdanganya kwamba posta wamechelewa. Kila jioni ananiuliza habari za posta.

Kaka hakuwa akipaka macho.

Hata mmoja. Unajua mikono yake ilivyokuwa baada ya miaka ile ya mashine ya kutoboa lami. Ngao aliiweza, joho aliliweza, akiegemeza kiwiko mezani na kuvuta pumzi. Jicho halikubali. Wa kwanza aliyempaka macho, alitoka na makengeza hata Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Kaka naye akacheka, akayafuta. Toka siku hiyo alikuwa akiweka tone la kahawia iliyotiwa maji mengi kwenye shimo la jicho, basi, kivuli tu. Alisema watu wake wanatazama chini wasijikwae.

Hawa watano ulionitumia wana macho. Kila mmoja ana nyeupe na ana nukta nyeusi, na nukta zimekaa sawasawa. Ni kazi nzuri kuliko ninayoweza mimi, na mimi nalipwa kwa kupaka vitu vidogo. Mtu aliyeyapaka alikuwa na mikono isiyotetemeka kabisa.

Kwa hiyo nakuuliza mara moja, na sitarudia: wale wa kaka wako wapi?

Fundi Meno


Juni 14

Shemeji,

Ni hao hao. Chini ya rangi yangu ni hao hao, ila rangi yake haipo tena.

Naambatanisha barua niliyoiandika Februari 11. Ilikuwa kwenye kabati la glavu. Isome kwanza halafu urudi hapa.

Sasa unajua. Niliwaloweka wote kwa sababu mikono yangu imezoea seti, na mimi sikuwepo kuizuia. Wewe uliniambia nijihadhari kabla ganzi haijaisha. Nilikuwa nimeshajitafuna zaidi ya mwezi mzima kabla ya hapo.

Nilikudanganya kwa sababu ninyi ndio mnaoniandikia. Kwa upande wangu hakuna mtu. Niliona kwamba nikikwambia, barua zitakoma, na mtakuwa na haki. Ndiyo maana nikakuuliza ya joho, ya mkanda na ya viatu. Ulifurahi ukidhani nimeanza kupona, na kila ulipofurahi ndivyo kusema kulivyozidi kunishinda. Wiki saba kila baada ya zamu nilikaa dirishani na lenzi yako kichwani. Macho ya Mpiga Mishale niliyafuta mara kumi na moja. Nilikuwa nataka yawe kama yake. Nilidhani naiga.

Barua yako niliisoma kazini, nimesimama kando ya mashine ya mvuke. Nilipofika pale uliposema hakuwa akipaka macho, nilikaa chini sakafuni na aproni yangu. Miaka tisa nimempelekea chai kwenye meza ile. Miaka tisa nimewapangusa vumbi hao watu, mmoja mmoja, kwa kitambaa. Na sikujua kwamba hawana macho. Nimemsafishia mume wangu kazi yake miaka yote na sikuwahi kuitazama.

Mikono yake nilijua inatetemeka, hilo nilijua. Nilikuwa namjazia kikombe nusu ili chai isimwagike, nikirudi baada ya muda namjazia nusu nyingine. Sikumwambia kwa nini. Basi hicho ndicho nilichokiona, kikombe. Yaliyokuwa kando ya kikombe sikuyaona.

Nililia, mwambie Mama. Si sana. Msimamizi alifunga mlango na kusimama nje mpaka nilipomaliza, kisha tukarudi kazini, kulikuwa na trei tisa.

Nirudishie wale watano nikawafute macho. Naweza kuweka kahawia ya maji mengi. Ila itakuwa ni uongo wa pili, na sijui kama unautaka.

Mwizi mwache. Yule nilimpaka siku ya mwisho, nikiwa nimechoka, na hakuwa wa kumdanganyia mtu, kwa hiyo nilimpaka rangi nne tu nikamwacha.

Mke wa ndugu yako


Juni 28

Shemeji,

Siwarudishi.

Nimesoma barua zako mbili nikiwa nimekaa ngazini, halafu nikaingia ndani na kumweleza Mama kila kitu, pamoja na uongo wangu wa posta. Nilitegemea atalia au atatukana. Alisema, "Walete niwaone hao watoto." Nikawatoa kwenye karatasi yako mmoja mmoja. Mama kwa sasa haoni vitu vidogo, nikampa ile lenzi yangu mpya. Aliwatazama watano wale kwa muda mrefu sana. Akasema wametoa macho kama watu walioamshwa ghafla. Kisha akasema wewe pia ndivyo ulivyokuwa kwenye mazishi, na akataka kujua kama kuna mtu aliyekugusa siku ile. Sikukumbuka. Nadhani sisi wote tulikuwa tumeshikana wenyewe kwa wenyewe, na wewe ulikuwa unagawa viti.

Hasira imekwisha. Sitakudanganya kwamba hainiumi. Ile nyekundu ya ngao alichanganya mwenyewe, na ukiniuliza alitia nini sijui, na hakuna wa kumuuliza. Inaniuma, na bado wewe ni shemeji yangu, yote mawili yanakaa.

Sasa nisikilize kuhusu Mwizi.

Siku ile kasha lilipofika, yeye ndiye niliyemfungua mwisho. Nilikuwa nimeshawaona watano, nimeshajua kuna jambo. Nikamfungua Mwizi. Chini ya kofia hakuna macho. Kuna kivuli cha kahawia, basi. Joho limepakwa rangi nzito kwenye mikunjo na kuachwa hivyo hivyo, na mkono wa kushoto rangi imevuka mstari kidogo. Nikasema huyu ni wa kaka. Uliposema umempaka wewe sikukuamini, nikadhani kaka alishammaliza. Nilimtia mfukoni. Wale wengine walikaa kwenye droo, lakini huyu nilikuwa natembea naye, kazini na sokoni, mpaka barua yako ilipofika ukasema ulimpaka ukiwa umechoka, bila kumuiga mtu.

Nakwambia tu lilivyotokea.

Na jambo jingine, maana umelitaja wewe. Kikombe. Kaka alijua. Aliniambia mwaka juzi, tukiwa hapa tunabishana kuhusu mlango wa tatu. Alisema, "Mke wangu ananijazia chai nusu tangu tuoane, na kila mara anajifanya birika lilikuwa na kidogo." Nikamuuliza kwa nini hakwambii kwamba amegundua. Akasema ukishajua kwamba amegundua utaacha kurudi na ile nusu ya pili, na yeye alikuwa anaisubiri.

Nimeweka ubao mezani, mashujaa wote wako mbele ya mlango wa tatu. Mama anacheza Mama Shoka, usicheke. Mimi ni Mpiga Mishale kama zamani. Mlinzi ni wa kaka, tumemwacha asimame langoni, hasogei. Nafasi ya mtu wa tatu ipo. Dado tutakurushia sisi, wewe uandike tu unakokwenda. Nimekurushia la kwanza: limetoka tano.

Fundi Meno


Julai 10

Shemeji,

Namchukua Mwizi.

Anasogea hatua tatu mpaka mlangoni, na mbili zilizobaki anazitumia kujaribu kitasa. Kama kuna mtego useme, usinionee huruma.

Jana nilijaza kikombe nusu, nikakiweka juu ya ile meza, dirishani. Nilikaa nacho mpaka kikapoa. Kisha nikaenda kuleta nusu ya pili, nikainywa mimi.

Zamu yako. Na kila unapoandika unakokwenda, niandikie na kitu kimoja alichokuwa akikifanya nami sikukiona. Kimoja kwa kila zamu, usiviandike vyote mara moja.

Mke wa kaka yako

Nyongeza: mwulize Mama, siku ile ya mazishi, nani aliyenivisha kanga begani. Nilirudi nayo nyumbani, na si yangu.


Julai 19

Shemeji,

Mtego ulikuwepo. Mwizi amepona kwa sababu tu aliinama.

Kanga ni ya Mama, alikuvisha mwenyewe akasahau. Anasema uiweke.

Fundi Meno